Chupa ya Sista Nansamba

Nilikubali kusema neno kwenye ibada ya kumuaga Sista Nansamba kwa sababu moja tu: nilikuwa na hasira, na nilitaka kipaza sauti. Taarifa ya kifo ilikuja kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la wauguzi waliopita mikononi mwake, na kabla sijamaliza kuisoma watu walikuwa wameshaanza kumwaga vipicha vya mishumaa na mikono iliyoshikana. Mama yetu ametutoka. Nguzo ya wodi imeanguka. Mmoja, ambaye siku hizi ni mkubwa katika hospitali ya watu wenye nafasi, aliandika kwamba kila akiona chupa ya saksheni imejaa anamkumbuka Sista, na wenzetu wakamwekea vicheko na vidole gumba. Hapo nililaza simu kifudifudi mezani. Nilikuwa muuguzi, kisha mwalimu wa wauguzi, nimestaafu juzi juzi na magoti yangu yanauma, na chupa ile sijawahi kuicheka. Nilipoigeuza simu tena nilikuta wameshanipangia kazi. "Afande atasema kwa niaba yetu," waliandika, "Afande ndiye alikuwa kipenzi chake." Ni kweli, nilikuwa kipenzi chake, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Jina la Afande nililipata siku yangu ya kwanza wodini, mwanzoni mwa mwaka ninaotaka kuueleza hapa, mwaka wa kwanza baada ya kumaliza chuo. Nilikuwa natokea kambi ya jeshi ya Mbuya, na asubuhi hiyo nilimsalimia mlinzi wa mlangoni kwa Kiswahili, kwa mazoea tu. Inchaji, muuguzi mkuu wa wodi, akanisikia. Kampala Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na wapo waliokuwa bado wanakisikia kama amri ya kulala chini. "Kumbe tumeletewa afande," alisema Sista Nansamba kwa Kiganda, na wauguzi wote wakacheka, nami nikacheka ili nisionekane mgumu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo ambayo hakuhitaji kuipandisha, na sare yake nyeupe ilipigwa pasi hadi ikasimama. Wodi ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya vipande vya kioo, nusu yake havifungi, na vitanda kumi na viwili. Vinne vya mwisho, karibu na mashine za kufyonzea, vilikuwa vya wale wenye tundu shingoni.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze. Mtu akishindwa kupumua kwa njia ya kawaida, daktari humtoboa chini ya koo na kumwekea bomba fupi la kupitishia hewa. Makohozi yanayokusanyika humo mgonjwa anaweza kushindwa kuyatoa kwa kikohozi chake, basi muuguzi huingiza mrija mwembamba uliounganishwa na mashine na kuyafyonza. Hiyo ndiyo saksheni. Mrija ule hauna akili. Unafyonza makohozi, unafyonza pia hewa aliyobakiwa nayo mtu, na ukiusukuma mbali mno unashika nyama yake ya ndani na kuichubua. Chuoni tulifundishwa hivi: sikiliza kifua kwanza, kama hakikoromi usimguse, mpe oksijeni kabla, ingiza mrija ukiwa haujavuta, usipite urefu wa bomba, vuta wakati unautoa tu, sekunde kumi, usiende zaidi ya kumi na tano, kisha mwache apumzike. Mwalimu wetu, mama mmoja mnene aliyefundisha akiwa ameketi, alituongezea la kwake. "Unapoingiza mrija, funga pumzi yako," alituambia. "Ukiona wewe unataka hewa, jua naye anaitaka." Nililiandika daftarini na kulipigia mstari.

Wodini kwa Sista Nansamba kulikuwa na kipimo kingine. Saa nane mchana, zamu ya asubuhi ilipokabidhi kwa zamu ya mchana, hakuanza na mafaili. Alianza na chupa. Kila kitanda cha mwisho kilikuwa na chupa ya kioo yenye mistari, ambamo yaliingia yote yaliyofyonzwa, na amri ilikuwa chupa isimwagwe mpaka yeye aione. Alipita akiinama, akisoma mstari, kisha akimtazama muuguzi usoni. Chupa ikifika katikati alisema, "Umefanya kazi." Ikiwa na kimo cha kidole tu alisema, "Ulilala," na aliyeambiwa hivyo alishinda kesho yake akisugua mabeseni ya wagonjwa. Nataka kumtendea haki hata kama leo sijisikii kumtendea. Alikuwa na sababu. Kabla ya chupa, wauguzi walikuwa wanaandika saksheni imefanyika bila kumgusa mtu, na mgonjwa mmoja alikutwa amekufa, bomba limeziba kama tundu la sinki, na karatasi yake imejaa tiki. Chupa haidanganyi, alisema. Alikuwa akila chakula chake cha mchana amesimama, nusu anampa mwanafunzi aliyekuja na njaa. Lakini alikuwa pia na macho na masikio, na alijua kama nijuavyo mimi kwamba makohozi yanayotolewa kwa nguvu huleta makohozi mengine, kwa sababu kifua kilichochubuliwa kinalia. Chupa zilijaa kwa sababu tulikuwa tunawaumiza watu.

Wiki ya kwanza nilifunga pumzi kama nilivyofundishwa. Sista akaniona mashavu yamevimba. "Tazameni," aliwaambia wenzangu, "Afande anapiga mbizi." Ikawa mchezo wa wodi. Kila nikisogelea kitanda, mtu anaziba pua kwa vidole viwili na kutumbua macho. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilitaka kupendwa. Basi nikajifunza kupumua. Mwaka ule, kama mtu akiniuliza nilijifunza nini, nilijifunza kupumua vizuri, polepole, wakati mtu aliye mbele yangu hapumui. Mrija wangu uliingia mpaka ulipogota, ukakaa humo ukizunguka, na chupa zangu zikaanza kufika katikati, kisha kupita. "Angalieni ya Afande," Sista alisema saa nane, na mimi nikaona fahari. Naandika neno hilo na mkono unasita, lakini fahari ndiyo niliyoiona.

Kitanda cha kumi na moja alilazwa Papa Muhindo, fundi cherehani kutoka Kongo aliyekuwa na kibanda chake Kasubi, akiwashonea sare wanakwaya wa makanisa matatu. Alitolewa uvimbe kooni na kuwekewa bomba mpaka apone. Mke wake, Mama Furaha, alitandika mkeka nje uwanjani kama walivyofanya wauguzaji wote, akifua, akianika nguo kwenye nyasi, akija na chupa ya chai na kurudi. Hakujua Kiganda wala Kiingereza. Kabla yangu alikuwa amekaa siku nne hajui mume wake ana nini. Alionyeshwa kwa mikono tu. Siku niliyomsalimia kwa Kiswahili alikaa chini sakafuni. "Mungu wangu," alisema, "kumbe kuko mutu hapa." Kuanzia hapo niliitwa kila mara. Maneno ya madaktari yalipita kwangu kwenda kwake, na maswali yake yakapita kwangu kurudi. Kiswahili chake na changu cha kambini havikufanana, lakini tulielewana, na nilijisikia mtu wa maana.

Papa Muhindo hakuweza kutoa sauti, kwa hiyo yeye na mkewe walitengeneza lugha yao. Alikuwa na pete pana ya fedha. Akigonga chuma cha kitanda mara moja, maana yake njoo. Akigonga mara mbili, maana yake basi, inatosha. Maji ya kumwogeshea yakiwa moto sana, mara mbili. Mto ukiwa juu, mara mbili. Wodi nzima ilizoea mlio ule, ting, ting, na Mama Furaha alinifundisha hata mimi, kwa makusudi, kama mtu anayekukabidhi ufunguo. "Akipiga mbili, sista, uache," aliniambia. "Bwana yangu si mutu wa kulalamika. Akipiga mbili, ni kweli inatosha."

Alikuwa mwanamke wa kutazama. Wiki ya tatu alinishika kiwiko nikiwa navaa glavu. "Nikuulize. Kifua yake hailie tena. Asubuhi nikimukalisha, anakohoa yeye mwenyewe, inatoka kwa bomba, nafuta na kitambaa. Sasa ule mupira munamuingizia wa nini?" Nilitega sikio kwenye kifua cha mumewe na kusikia hewa safi inaingia na kutoka. Alikuwa amesema yale yale yaliyokuwa daftarini mwangu, yeye ambaye hakuwahi kukaa darasani. Nikavua glavu. Ilikuwa Jumatano, na daktari alikuwa ameshasema Jumamosi bomba linatoka, na kwamba aanze kupewa uji, kidogo kidogo, akiwa ameketi wima. Siku hiyo sikumfyonza hata mara moja. Alishinda vizuri, akaandika kwenye kipande cha karatasi kwamba atanishonea sare mpya maana niliyovaa ilikatwa na mtu asiyejua mabega.

Saa nane Sista aliinama mbele ya kitanda cha kumi na moja, na chupa ilikuwa tupu. Alinyanyuka taratibu. "Afande naye amelala," alisema. Hakuna aliyecheka, na kutocheka kwao kuliniuma kuliko kicheko. Ningeweza kusema, Sista, nilisikiliza kifua, ni kikavu. Sentensi fupi tu. Nilikuwa naijua kwa Kiingereza, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, na sikuisema kwa lugha hata moja.

Alhamisi saa moja asubuhi Mama Furaha alimpa uji wa ulezi, vijiko viwili, ameketi wima kama daktari alivyosema. Nilikuwepo. Alimeza vizuri, hakukohoa, akagonga mara mbili kwa sababu alikuwa ameshiba, na mkewe akamcheka kwa kushiba vijiko viwili. Saa nne, mkewe akiwa kwenye bomba la maji nje anaosha vyombo, Sista alikuja kusimama nyuma yangu. "Leo nataka kuona chupa hiyo," alisema. Nilichukua mrija. Sikumpa oksijeni kwanza, sikusikiliza kifua. Niliusukuma ukiwa tayari unavuta, mpaka ukagota, na nikauacha kule chini nikizungusha. Alikohoa mara moja kwa nguvu, kisha hakuweza tena. Akagonga. Ting, ting. Mkono wangu ulirudi nyuma kidogo, naapa ulirudi. "Endelea," alisema Sista, kwa sauti ile ndogo, "anazoea." Nikaendelea. Ndani ya mrija ulipita uzi mwekundu. Akagonga tena mara mbili, taratibu safari hii, na kati ya mlio wa kwanza na wa pili kulikuwa na nafasi kubwa. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mimi nilikuwa napumua. Mkono wenye pete uliteleza kwenye chuma ukaanguka juu ya shuka, na ndipo nilipotoa mrija. Tulimbonyeza kifua, tulimpa hewa kwa mfuko, daktari alikuja mbio. Moyo wake haukurudi. Chupa haikuwa imefika hata nusu.

Chumba cha wauguzi kilikuwa na meza moja na viti vinne, na siku hiyo juu ya meza kulikuwa na sufuria ya katogo, ndizi zilizopikwa na utumbo, iliyoletwa na mmoja wetu kabla ya haya yote. Mtu aliniwekea sahani mkononi kwa huruma. Nilisimama nayo nyuma ya mlango, mafuta yakiganda juu ya ndizi, na nikawasikia Sista na daktari kijana koridoni wakizungumza kwa Kiingereza. Daktari aliuliza, "Tuandike nini?" Sista akasema, "Si alikula uji asubuhi? Mke alimlisha." Daktari akasema yeye ndiye aliyeruhusu uji. "Uliruhusu kidogo," Sista akajibu. "Nani anajua alimpa kiasi gani?" Nikasikia kalamu. Nilikuwa naweza kutoka pale na sahani yangu mkononi. Nilikuwa nimehesabu vijiko.

"Afande," aliita Sista. "Njoo. Wewe ndiye unajua lugha yao."

Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na sufuria safi mkononi na kijiko ndani yake. Sista alisema kwa Kiganda, polepole, akiniangalia mimi badala ya yule mama: mwambie uji ulipita njia ya hewa. Mwambie tunamhurumia, alifanya kwa mapenzi. Nami nikageuka nikamwambia. Nilitafsiri vizuri mno. Nilichagua maneno laini, nikamshika bega, nikasema, "Mama, uji ulipitia njia ya hewa. Hukujua. Ulifanya kwa mapenzi." Aliangalia kijiko. "Vijiko viwili?" aliniuliza. "Sista, si ulikuwa pale? Ni viwili tu." Nikamwambia hata viwili vinaweza. Hakulia palepale. Alitoa kijiko kwenye sufuria, akakiweka sakafuni, akakisogeza mbali kwa mguu, kama kitu kinachoweza kumuuma. Pete walimpa ikiwa imefungwa kwenye kipande cha bendeji.

Nilimaliza mwaka ule wodini. Watu huniuliza kwa nini sikuondoka, na jibu ni kwamba nilikuwa nasifiwa. Sista aliniandikia barua nzuri, na kwa barua hiyo nikapata nafasi ya kusomea ualimu, na kwa ualimu huo nimefundisha wasichana na wavulana wasiohesabika kufunga pumzi zao wanapoingiza mrija. Aliyecheka nilimtoa darasani. Niliwafokea, niliwafelisha mitihani, nilijulikana kwa ukali kuhusu jambo hilo moja. Kila mwaka nilisimulia habari ya mgonjwa aliyegonga kitanda mara mbili, na katika masimulizi yangu muuguzi alikuwa mtu fulani tu, mahali fulani. Mtu pekee aliyestahili kuisikia nilijua alipo. Anauza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu sokoni Nakasero, safu ya tatu upande wa chini. Nilimwona mara ya kwanza miaka mingi iliyopita, na tangu siku hiyo nikawa nanunua mboga safu ya kwanza, ambako bei ni mbaya.

Basi Ijumaa iliyopita nilisimama mbele ya jeneza na kipaza sauti mkononi. Waliotangulia walikuwa wameshasema juu ya chupa, na kanisa lilikuwa limecheka kile kicheko cha msibani chenye machozi. Nilikuwa nimekuja kumvua nguo mbele za watu. Nikasema, "Sista Nansamba alinifundisha saksheni." Kisha nikawaona walivyoniangalia, wanangoja, na nikajua kwamba neno linalofuata linanihusu mimi kabla ya kumhusu yeye, kwa sababu mkono haukuwa wake. Nikarudisha kipaza sauti, na watu wakadhani ni majonzi, wakanipigia makofi. Makofi hayo yalinitoa kanisani. Nilipanda boda nikiwa na sketi nyeusi na kitambaa cha msiba, nikamwambia anipeleke sokoni, na njia nzima nilikuwa na hasira, juu yake aliyekufa akiwa amefunikwa maua, na zaidi juu yangu.

Mama Furaha alikuwa anafunga sombe kwenye mifuko. Amezeeka, na pete ile anaivaa kidole gumba. Pembeni yake alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na sikuhitaji kuambiwa kuwa ndiye Furaha.

"Karibu, mama," alisema. "Sombe ni ya leo."

"Mimi ni yule sista wa Kiswahili," nikasema. "Wa wodi ya Papa Muhindo." Mikono yake ikasimama. Nilisema yote bila kuketi, nikiogopa kwamba nikiketi nitatafuta maneno laini. "Uji haukumuua. Nilimwingizia mrija na hakuuhitaji. Alipiga mara mbili, nikasikia, nikaendelea. Alipiga tena, nikaendelea muda mrefu. Sista akasema tuseme ni uji, nami nikakwambia ni uji."

Alichukua muda kufunga mfuko aliokuwa nao.

"Ule Sista iko wapi?"

"Amekufa. Leo tunamuaga."

"Amekufa njo umepata kinywa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Miye sijapika uji tena. Unasikia? Batoto bangu balikomaa bila uji. Huyu Furaha alizaa, nikamukataza apatie mutoto. Bakwe yake banasema kichwa yangu si muzuri." Hakupandisha sauti. "Sema tena. Sema pole pole, huyu naye asikie."

Nikarudia, nikimtazama Furaha. Furaha alimtoa mtoto mgongoni akampakata kifuani, akanigeuzia bega.

"Muda murefu," alisema Mama Furaha, "njo muda gani?"

Nikamwambia sikuangalia saa. Kwenye faili hakuna.

"Lakini ulikuwa pale. Mukono wako unajua. Unionyeshe."

Nilielewa alichotaka. Nilivuta hewa, nikafunga mdomo, nikabana pua. Yeye aliniangalia kidogo, kisha akafanya vilevile, akaweka mkono wenye pete juu ya ubao wa meza yake. Mteja alikuja akauliza bei ya samaki, Furaha akamwondoa kwa mkono. Nilihesabu kumi, ambapo ningepaswa kuacha. Nilipita kumi na tano. Macho ya yule mama yalikuwa yamejaa maji na hayakuniachia, mishipa ikamsimama shingoni, na kifua kikaanza kumruka. Aligonga ubao mara mbili, akafungua mdomo, akavuta hewa kwa sauti, na kuvuta tena.

"Ilikuwa hapo?" aliuliza. "Uliacha hapo?"

Mimi nilikuwa bado sijavuta pumzi. Nikatikisa kichwa, bado.